Nilinunua German Shepherd, sasa mkia umejikunja: je, nimeuziwa chotara?

#1 Mtumishi wa Iyumbu

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaofahamu mbwa kuliko mimi, kwa sababu hapa nyumbani jambo hili limeshageuka kikao cha ukoo.

Mwezi wa pili nilinunua mtoto wa mbwa, dume, kwa shilingi laki sita kutoka kwa mfugaji mmoja wa Dar es Salaam niliyempata kupitia kundi la WhatsApp. Nilielezwa kwamba ni German Shepherd wa damu safi na kwamba wazazi wote wawili wana vyeti vya nasaba. Alikuwa na wiki nane, mweusi mgongoni, kahawia miguuni, masikio yamelala na tumbo limejaa. Watoto walimwita Kaizari.

Sasa ana miezi saba. Sikio la kulia limesimama, la kushoto limevunjika katikati kama kona ya daftari la mwanafunzi mzembe. Mkia, ambao nilitarajia uning'inie, unapanda na kujikunja juu ya kiuno kuelekea kushoto. Kifuani ana doa jeupe lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, na vidole viwili vya mguu mmoja wa nyuma ni vyeupe. Jumamosi nilimpeleka kwa muuza nafaka wa soko la Majengo hapa Dodoma, tukampima kwenye mizani ya magunia, akawa na kilo 16. Tuliporudi, binti yangu wa darasa la nne alimtazama kwa muda kisha akasema, "Baba, Kaizari anafanana na yule mbwa anayechunga mbuzi kule bondeni."

Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Je, nimeuziwa chotara, au nina haraka tu?

#2 Kijana wa Mnadani

Pole, mkuu. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910. Inaelekea babu yake Kaizari hakushuka hapa, alipitiliza hadi Bahi na akaoa huko.

#3 Daktari wa Mifugo, Kilimani

Naomba tuanze na sikio, kwa kuwa ndilo linalotajwa sana na ndilo lenye ushahidi dhaifu. Masikio ya mbwa hawa kwa kawaida husimama kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na wakati wa kubadili meno yanaweza kusimama Jumatatu na kulala tena Alhamisi bila ugonjwa wowote. Kwa miezi saba meno ya ukubwani huwa yamekamilika, kwa hiyo sikio ambalo halijasimama mpaka sasa lina nafasi ndogo. Hata hivyo, mbwa wa damu safi pia huzaliwa na masikio laini, na hilo huhesabiwa kuwa kasoro, si uthibitisho wa uchotara.

Doa dogo la kifuani linaruhusiwa katika viwango vya kimataifa vya aina hii, ingawa halipendwi. Vidole vyeupe vinaanza kunitia shaka kidogo. Kinachonishughulisha hasa ni mkia, kwa sababu kwa mujibu wa viwango hivyo unapaswa kuning'inia kwa mkunjo mdogo kama wa upanga, na mbwa anapochangamka unaweza kuinuka lakini usivuke usawa wa mgongo.

Kuhusu uzito, dume aliyekomaa hufikia kilo 30 hadi 40, na kimo cha begani sentimita 60 hadi 65. Kilo 16 kwa miezi saba ni kidogo. Lakini kabla hatujamshtaki baba yake, nieleze Kaizari anakula nini na ni lini mara ya mwisho alipewa dawa ya minyoo. Tafadhali usimwongezee kalsiamu kwa ushauri wa mtaani ili sikio lisimame, maana kwa mbwa wa maumbo makubwa kalsiamu iliyozidi huharibu mifupa inayoendelea kukua.

#4 Mama Chausiku, Chang'ombe

Mimi nadhani mnazunguka mbali. Huenda mama yake ni Mjerumani kabisa na baba pia, lakini huyo jike uzao wake wa kwanza alipandwa na mbwa koko. Wazee wetu walisema jike akiharibiwa mara ya kwanza, damu ile hubaki tumboni na kila uzao unaofuata hutoka na alama. Jirani yangu aliwahi kumuuza jike mzuri kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo.

#5 Mwalimu wa Ipagala

Mama Chausiku, shikamoo. Imani hiyo uliyoiandika hapo #4 si ya wazee wetu peke yao, kwani hata Uingereza iliaminiwa na watu wenye elimu kubwa. Mwaka 1821 taarifa ya Lord Morton ilichapishwa na Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko, akieleza kuwa farasi wake jike alipandwa kwanza na kwaga, jamaa wa pundamilia ambaye sasa ametoweka, na baadaye alipopandishwa kwa farasi wa Kiarabu akazaa watoto wenye michirizi. Miaka ya 1890 mtaalamu wa wanyama Cossar Ewart alirudia jaribio hilo huko Scotland kwa kutumia pundamilia, na hakupata ushahidi wa kuiunga mkono imani hiyo. Michirizi hafifu hutokea kwa farasi ambao hawajawahi hata kumwona pundamilia. Mimba iliyopita haiachi vinasaba vya dume wa zamani kwa watoto wa dume mpya, kwa hiyo jirani yako alimuuza jike mzima kwa hasara.

#6 Mfugaji wa Mpwapwa

Mwalimu yuko sahihi, ila Mama Chausiku naye hayuko mbali sana na mlango, kwa maana uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Joto la jike hudumu takriban wiki tatu, mbegu za dume huweza kuishi ndani yake kwa siku kadhaa, na mayai hayakomai na kushika mimba kwa dakika moja. Mwenye mbwa anampandisha kwa dume wake Jumanne, anapiga picha, anapokea oda, halafu Ijumaa usiku koko wa mtaani anaruka michongoma. Wakizaliwa wanane, watano wanaweza kuwa wa dume wa picha na watatu wa yule wa michongoma.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Jike wangu alizaa watoto saba, na mpaka wiki ya sita nisingeweza kuwatofautisha hata kwa kuapishwa. Kufikia mwezi wa tano, wawili walikuwa na pua fupi na mikia ya kujikunja kama ya Kaizari. Nilikuwa nimeshawauza. Mmoja nilimrudishia mnunuzi nusu ya fedha, wa pili mnunuzi wake hajalalamika mpaka leo, na mimi sijamkumbusha.

#7 Mtumishi wa Iyumbu

Nashukuruni wote. Daktari, anakula ugali wa dona na dagaa asubuhi na jioni, na siku za Jumapili anapata mabaki ya nyama. Dawa ya minyoo alipewa mara moja, alipofika. Naona aibu kuandika hivyo.

Jana nilimpigia aliyeniuzia. Hakukasirika hata kidogo, jambo ambalo lilinichanganya zaidi. Alisema mbwa wake hawana tatizo, bali hali ya hewa ya Dodoma ni kavu na ya joto, ndiyo inayopunguza manyoya, kuzuia mwili kukua na kukunja mkia. Aliniambia nisubiri mvua.

#8 Kijana wa Mnadani

Kama ukavu wa Dodoma hukunja mkia, basi tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 tungeshaona mengi kwa watumishi. Mkuu, simama tugeuke tukutazame.

#9 Askari Mstaafu

Nilihudumu na mbwa kwa miaka mingi, hivyo naomba niseme mawili. Kwanza, katika maelezo ya muuzaji ni manyoya tu ambayo yana ukweli kidogo, kwa kuwa mbwa hunyonyoka kulingana na majira. Mkia ni mfupa, hauna majira.

Pili, German Shepherd ni aina iliyosimamishwa na Max von Stephanitz mwaka 1889, na tusimchanganye na Alsatian, ambaye ni mbwa mwingine wa mpakani mwa Ufaransa. Huenda Kaizari ni Alsatian, au ana damu ya Malinois wa Ubelgiji, ambaye ni mwepesi zaidi na wengi hawawezi kumtofautisha.

Swali langu kwa mleta mada ni hili: siku ya kununua ulimwona mama? Na kama ulimwona, chuchu zake zilikuwaje?

#10 Mwalimu wa Ipagala

Mzee wangu, naomba nikusahihishe kwa heshima. Mwaka ni 1899, ndipo von Stephanitz alipomnunua dume aliyeitwa Hektor, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza katika daftari la chama kipya. Alsatian naye si mbwa mwingine. Waingereza walilibadilisha jina baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu neno "German" lilikuwa limechafuka masikioni mwao, na chama chao cha mbwa kikarudisha jina la Kijerumani mwaka 1977.

Niongeze kwamba babu mmoja wa Horand, aliyeitwa Greif, alikuwa mweupe. Kwa hiyo weupe ulikuwamo nyumbani tangu mwanzo, na kwa kuwa ni wa kujificha, unaweza kupita vizazi bila kuonekana kisha ukatokea mtoto mweupe kabisa. Weupe wa vidole ni suala lingine, lakini nasema hili ili mtu asishike rangi peke yake akaifanya hukumu.

#11 Askari Mstaafu

Nimesahihishwa na nimekubali. Swali langu la chuchu linabaki palepale.

#12 Mtumishi wa Iyumbu

Mzee, swali lako limenikosesha raha mchana kutwa. Ni kweli nilimwona mama. Alikuwa jike mkubwa mzuri, amefungwa mnyororo chini ya mwembe, masikio wima, mkia chini. Nakumbuka nilichuchumaa nikampapasa ubavuni, na tumbo lake lilikuwa tambarare na gumu kama la dume. Sikuona chuchu yoyote inayoning'inia. Watoto walikuwa wanne kwenye boksi la televisheni upande wa pili wa uwanja, na muda wote niliokuwapo, kama nusu saa hivi, hakuna aliyelia kumfuata wala yeye hakugeuka kuwatazama.

Vyeti niliambiwa viko kwa ndugu yake na vitatumwa. Mpaka leo vinatumwa.

#13 Daktari wa Mifugo, Kilimani

Hilo ni la kuzingatia, lakini nalo lisitubebe. Kwa wiki nane watoto wengi huwa wameachishwa, maziwa yanakuwa yamekauka, na jike anaweza kuwa amechoshwa nao kabisa. Hata hivyo, kwa aliyenyonyesha karibuni, tezi kwa kawaida huwa bado zimelegea na chuchu zimerefuka. Tumbo tambarare na gumu ningelitilia shaka.

Kuhusu lishe, mpeleke apimwe kinyesi na apewe dawa ya minyoo kwa utaratibu, kisha mpime tena baada ya mwezi mmoja kwenye mizani ileile ya Majengo. Ugali na dagaa kwa mtoto wa mbwa mkubwa mara mbili kwa siku si adhabu, ila protini inaweza kuwa pungufu. Kilo zinaweza kurudi. Mkia haurudi. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ameipata? Hilo hujaliandika.

#14 Wakili wa Mtaani, Makole

Kwa upande wa sheria, jambo hili lina mahali pake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua uuzaji kwa maelezo, yaani ukiuziwa kitu kwa kuelezwa kuwa ni cha aina fulani, kuna sharti lililomo ndani ya mkataba kwamba kitu hicho kilingane na maelezo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nayo inazungumzia mkataba uliopatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli, na ni vyema kujua kwamba maelezo yanaweza kuwa si ya kweli hata kama aliyeyatoa aliyaamini.

Ugumu wako ni ushahidi. Unazo jumbe ambazo ameandika maneno "damu safi"? Unao ujumbe wa malipo ya simu? Usifute chochote. Na ujiulize unachokitaka, kwa sababu nafuu ya kwanza anayoifikiria kila mtu ni kurudisha kitu na kupewa fedha, na hapa kitu chenyewe kina jina na kinalala barazani na watoto wako.

#15 Bi. Kuku wa Nkuhungu

Mimi ninafuga kuku, na uzi huu unanishangaza. Nikitundika kibao getini kwangu kinachosema "kuku chotara wanauzwa", foleni inafika barabarani, na wateja hulipa kifaranga chotara bei ya juu kuliko cha kienyeji bila kunung'unika. Mbuzi chotara vivyo hivyo. Lakini neno hilohilo likimgusa mbwa, mtu anatafuta wakili. Chotara ni sifa kwa mwenye mabawa na tusi kwa mwenye mkia?

#16 Mfugaji wa Mpwapwa

Bi. Kuku umenigusa nyumbani. Ng'ombe wa Mpwapwa, anayebeba jina la wilaya yetu, alitengenezwa na wataalamu katika kituo cha utafiti wa mifugo kwa kuchanganya Sindhi na Sahiwal wa Bara Hindi, zebu wetu, Boran na kiasi kidogo cha Ayrshire. Jirani zetu wa Kongwa wana mbuzi wa Malya, ambaye naye ni mchanganyiko wa Kamorai, Boer na mbuzi wa kienyeji. Wote hao leo huhesabiwa kuwa aina kamili.

Lakini kuna tofauti ambayo hukuitaja. Kuku chotara anauzwa kwa jina lake. Mleta mada hakununua chotara akapewa chotara.

#17 Mwanafunzi wa Vinasaba

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Yapo mambo mawili ambayo wachangiaji wameyachanganya, nayo ni kipimo cha uzazi na kipimo cha aina. Cha uzazi kinahitaji sampuli ya Kaizari na ya hao wanaodaiwa kuwa wazazi wake, na ndicho kitakachojibu swali la yule jike wa chini ya mwembe. Cha aina kinahitaji kijiti cha pamba kusuguliwa ndani ya shavu, kisha sampuli hutumwa maabara ya nje na kulinganishwa na kumbukumbu za mbwa wa aina zinazojulikana. Kama kumbukumbu hizo zina mbwa wachache wa vijiji vya Afrika, majibu yanaweza kumtafutia Kaizari ndugu wa Ulaya ambao hana.

Jambo la pili linamhusu binti wa darasa la nne. Jicho hudanganya pande zote mbili. Huko Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, watafiti Scott na Fuller waliwahi kuchanganya Basenji, mbwa wa Kongo mwenye masikio wima na mkia wa kujikunja, na Cocker Spaniel mwenye masikio marefu ya kulala. Wajukuu wa mchanganyiko huo walitoka kila mmoja na sura yake, na wengine usingewahi kukisia nyumba waliyotoka. Kwa hiyo inawezekana wazazi wa Kaizari wote wawili wanaonekana Wajerumani kamili, ilhali kila mmoja amebeba bibi wa kienyeji aliyejificha, na muuzaji mwenyewe hajui. Nadhani maelezo haya yana uzito kuliko ya michongoma ya #6.

#18 Mfugaji wa Mpwapwa

Kijana, michongoma yangu niliiona kwa macho. Wajukuu wako wako Marekani.

#19 Mwanafunzi wa Vinasaba

Nimekubali, mzee, zote mbili zinawezekana kwa pamoja. Niongeze moja tu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliochunguza mbwa 318 wa mitaani na vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Ulionyesha kuwa wengi wa mbwa hao, hasa wa Uganda, si makapi ya mbwa wa kizungu waliochanganyikana, bali ni mbwa wa asili wenye nasaba yao ya zamani. Waliochanganyika zaidi na damu ya Ulaya walipatikana katika maeneo machache, kama katikati mwa Namibia. Daftari la Wajerumani lilifunguliwa 1899, kama Mwalimu alivyoandika, na walioingizwa humo walikuwa mbwa wachungaji wa mikoa mbalimbali waliochanganywa kwa makusudi.

#20 Mzee wa Bahi

Nimesoma kimya tangu #2, ambapo mlinitajia kwetu kwa dhihaka. Yule mbwa wa bondeni mnayemtumia kama kipimo cha aibu, sisi tunamjua. Ni mwembamba, anakula pumba na maziwa yaliyoganda, anatembea na mbuzi tangu alfajiri mpaka jua linapozama wakati wa kiangazi, na fisi akisogea zizini usiku hasubiri kuitwa. Hakuna aliyewahi kumpa dawa ya minyoo mara mbili. Mjerumani wenu wa kilo 40 nimewahi kumwona akihema chini ya gari saa tano asubuhi.

Mtumishi, sisemi ulichofanyiwa ni haki. Laki sita ni mbuzi kadhaa. Lakini nina jike wangu ambaye anakaribia joto, na nimeipenda sifa ya huyo Kaizari, mgongo wa Mjerumani na mkia wa kwetu. Ukiridhia, nitakuja Iyumbu naye, na malipo yatakuwa mtoto mmoja utakayemchagua wewe.

#21 Daktari wa Mifugo, Kilimani

Mzee wangu, naomba asipandishwe sasa. Ana miezi saba tu, bado anakua. Na nauliza kwa mara ya pili kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.

#22 Mtumishi wa Iyumbu

Daktari, amechanjwa jana, na kadi ninayo. Alipewa pia dawa ya minyoo na sitaandika humu kilichotoka. Vijiti vya shavu nimeviagiza, na muuzaji nimemwomba sampuli ya yule jike. Ameusoma ujumbe, hajajibu.

Leo asubuhi nilipofungua mlango, sikio la kushoto lilikuwa limesimama wima kabisa. Niliwaita watoto. Walipofika na simu ya kupigia picha lilikuwa limelala.

Mzee wa Bahi, shikamoo. Tusubiri amalize kukua kama anavyosema Daktari, kisha nakukaribisha. Ila kuna jambo linanitatiza tangu nilipousoma ujumbe wako. Hao watoto wakizaliwa, na majirani wakaja kuuliza, nitawaambia ni mbwa wa aina gani?

#23 Kijana wa Mnadani

Waambie wasubiri mvua.